Watafiti Tisa wa Bayingi

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanishangaa huko mbele. Wenzangu wa kasualti wanalijua hilo, wagonjwa wa kurudi rudi wanalijua, na mlinzi wa lango, akiniona nakuja kwa hatua fupi za haraka, hufungua bila kuniuliza nimeamkaje. Mimi ni nesi. Nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha dharura cha hospitali ndogo iliyozungukwa na chai, upande wa Kiptere, na nikijitazama kwa haki naona hasira hizo zimewafaa wagonjwa kuliko zilivyowaumiza. Mahali ambapo hazijawahi kumfaa mtu ni kwenye fomu ya kuomba ruzuku ya utafiti.

Ilianza hivi. Nilirudi shule ukubwani, masomo ya wikendi, nikapata shahada yangu. Katika kipindi cha mwisho mwalimu mmoja akatuambia kwamba duniani kuna tuzo na ruzuku za watu wanaochunguza tiba ya dharura, na si za madaktari wakubwa peke yao. Ziko za manesi, ziko za watu wa ambulensi, ziko za anayeanza. Niliduwaa. Yaani kuna mtu amekaa mahali fulani, anatafuta wa kumfadhili ili aulize swali? Mimi nilikuwa na swali tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, na sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kumpendeza mtu mwingine.

Swali lenyewe lilikuwa hili: mtu akiumia shambani, ni nini hutendeka kabla hajanifikia? Maana chai ina mambo yake. Wakati wa kupogoa, panga huteleza likaingia kwenye mguu. Radi hupiga. Kutoka huko chini Soin kwenye joto huletwa watoto wenye degedege. Ambulensi ni moja, na kila tukiihitaji huku, huwa imekwenda Fort Ternan. Kwa hiyo watu hufika kwa lori la majani, kwa pikapu, kwa bodaboda. Wengine hufika na nafasi nzuri ya kupona, wengine hufika wamechelewa, na mimi sikujua tofauti inatoka wapi.

Nikapata habari za tuzo moja ya ng'ambo, ndogo kwa wakubwa lakini kubwa kwangu, ya watu ambao hawajawahi kupewa ruzuku yoyote na ambao hawajapitisha miaka mitano tangu wamalize masomo. Mwaka wa kwanza nilikataliwa. Waliniandikia kwa adabu sana kwamba swali ni zuri ila halieleweki, na kwa wiki nzima nilitembea nikibishana nao kichwani. Mwaka uliofuata mvua ilikuja na mtandao ukaondoka; nilikaa nikitazama ile alama inayozunguka kwenye kompyuta mpaka muda ukaisha. Mwaka wa tatu ndio huu ninaousimulia, na ulikuwa wa mwisho. Miaka yangu mitano ingekwisha kabla ya mlango kufunguliwa tena.

Daktari mkuu wetu alinitilia sahihi yake bila kuketi.

“Sista, hii ni ya tatu.”

“Ni ya mwisho pia.”

“Basi andika vizuri,” akasema, akaenda zake.

Niliandika vizuri. Niliandika kwamba nataka kufundisha huduma ya kwanza katika kituo cha kununulia chai, kile ambacho sisi sote tunakiita bayingi. Asiyejua bayingi, ni kibanda cha mabati kando ya barabara, kina benchi na mizani ya kuning'inia, na wakulima hupeleka hapo majani waliyochuna yapimwe, yaandikwe, yangoje lori la kiwanda. Kila mtu hupita bayingi. Nikaandika na sentensi moja ambayo niliipenda kuliko zote, kwamba jamii ya hapa haina ujuzi wala vifaa vya huduma ya kwanza. Kwa Kiingereza ilisikika vizuri mno. Niliisoma kwa sauti jikoni nikajipongeza.

Kilichobaki kilikuwa barua moja ya kuonyesha kwamba jamii inaunga mkono. Nikaichapa mwenyewe, nikaenda nayo bayingi saa nane mchana, siku ya kuchuna. Nilimkabidhi karani, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo ambaye hupima majani na kumwandikia kila mkulima kilo zake. Aliisoma polepole, akanirudishia.

“Sista, hii siwezi kuweka sahihi peke yangu.”

“Kwa nini? Inasema tu kwamba mnakubali.”

“Nimeona. Sasa nani amekubali? Wacha mkutano uitwe.”

Nilitaka kuwaka, nikajizuia. Nilizaliwa huku na ninajua. Huku kwetu, mambo ya harusi, ya matanga, ya kupeleka mtoto chuo, ya kuchimba mtaro, yote huanzia kwenye kamati, na jambo lisilo na kamati huonekana kama la mtu mwenye siri. Mkutano ukaitwa siku ya pili yake. Ukafunguliwa kwa maombi marefu yaliyogusa mvua, bei, watoto wa shule na macho ya waheshimiwa wa ng'ambo watakaosoma fomu. Kisha wakachagua viongozi.

Mwenyekiti akawa Kogo. Jina hilo kwa lugha yetu maana yake ni nyanya, yaani bibi, na ndilo tulilomwita wote: mama mzee mwenye ng'ombe watatu na ekari ya chai, mjane, mfupi, asiyepandisha sauti hata siku moja kwa sababu hakuna anayethubutu kuongea wakati yeye anaongea. Mweka hazina akawa dereva wa lori la majani, wa hazina ambayo haipo, naye akasimama akashukuru na kuahidi uwazi. Mlezi wa kamati akawa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Kisii ambaye amekaa nasi miaka mingi, ana duka la mbolea na misumari karibu na bayingi, na ana pikapu. Karani akawa makamu. Wengine wanne wakawa wanachama, wawakilishi wa akina mama, wa vijana, wa kanisa na wa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Mimi nikawa katibu.

“Katibu?” nikasema. “Lakini utafiti ni wangu.”

“Ni sawa,” Kogo akasema. “Wewe uko na mwandiko mzuri.”

Hapo mlezi akainua mkono. “Swali kidogo, Sista. Hii majina yetu itaandikwa kwa hiyo fomu ama itabaki hapa?”

“Itabaki hapa. Fomu inataka watafiti tu.”

Nilisikia mizani ikilia kwa upepo.

“Kwa hivyo sisi ni kamati lakini hatuko,” akasema.

Watu wanane walinitazama. Hawakuwa na hasira, walikuwa wananionea huruma kwa kukosa adabu, na hilo lilinikata zaidi. Nikasema haya, nitaandika majina. Wakapiga makofi. Watatu kati yao walikuwa na barua pepe. Waliobaki niliwafungulia palepale kwenye simu zao, na nikatumia saa nzima kumweleza mwakilishi wa kanisa kwamba neno la siri halitakiwi kutangazwa.

Nikaenda nyumbani, nikafungua fomu, nikapata sehemu ya watafiti wenza, nikaingiza majina yote manane. Pamoja nami, tisa. Nikabonyeza. Ndipo kompyuta ikanieleza jambo ambalo ingenifaa kulisema mapema. Kila mtafiti mwenza ametumiwa ujumbe. Kila mmoja aufungue, athibitishe, aandike wasifu wake na kueleza mchango wake katika tiba ya dharura. Mpaka wote wamalize, ombi haliwezi kutumwa. Na jina likishaingia haliondolewi, ila kwa kuandikia ofisi yao, nayo hujibu ndani ya siku tano za kazi. Mimi nilikuwa na siku nne.

Nilirusha kalamu. Ilipiga kabati na kuvunjika, na mume wangu akachungulia, akaona sura yangu, akarudi kukamua ng'ombe aliyekwisha kumkamua. Nilikaa nikifikiria tuzo zote za dunia na watu wake, maprofesa wenye watafiti wenza kutoka vyuo vikuu vitatu, na mimi hapa na dereva wa lori. Nilijiona nimeitupa nafasi yangu ya mwisho kwa sababu ya kuona haya mbele ya watu wa bayingi. Nililia kidogo, sitaficha. Kisha nikampigia karani simu.

“Waite wote,” nikamwambia. “Waje na simu zao.”

Kesho yake mvua ilinyesha na majani yalikuwa machache, kwa hiyo tulikuwa na kibanda peke yetu. Kogo alileta mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, mlezi akaleta mkate. Niliwasomea swali la fomu kwa Kiswahili: eleza mchango wako katika tiba ya dharura. Nikamgeukia dereva kwanza.

“Mimi?” akasema. “Mimi sijafanya kitu. Mimi naendesha lori.”

Karani naye hajafanya kitu, anapima majani. Mlezi hajafanya kitu, anauza misumari. Nikazunguka benchi nzima na watu wote hawakuwa wamefanya kitu. Nilihisi damu ikinipanda. Muda ulikuwa unakwenda, na fomu haikubali kujibiwa “sijafanya kitu”. Ilitaka maneno mia moja kwa uchache.

Kogo akaweka kikombe chini. “Unauliza vibaya,” akaniambia. “Nani atajisifu hapa, mbele ya watu? Kila mtu atatajwa na jirani yake. Wewe andika.”

Basi mwakilishi wa akina mama akaanza kumtaja dereva, na benchi likachangamka. Akasimulia jinsi mke wa jirani yake alivyoshikwa na uchungu barabarani, na lori likasimama, na wanawake wakapanda nyuma wakamsaidia akajifungua juu ya magunia ya majani, huku dereva amesimama nje kwenye mvua ameshika turubai kwa mikono miwili ili lisipeperuke, ameangalia upande wa pili kwa heshima. Baadaye akaendesha taratibu mpaka kwetu hospitali.

“Kiwanda waliniuliza kwa nini nimechelewa,” dereva akasema, sasa akijisahau. “Nikaandika kwa kitabu, sababu: mtoto.”

“Na hayo majani?” nikauliza.

“Sista, hayo usiniulize.”

Tulicheka mpaka mkate ukamwagikiwa na mursik. Lakini nilimkumbuka mama yule. Nilimpokea mimi. Nilikuwa nimeandika kwenye faili kwamba alijifungulia njiani, basi, maneno mawili, na sikumuuliza mtu yeyote njia ilikuwaje.

Akafuata karani. Aliyemtaja ni Kogo mwenyewe. Alisema mtoto mgonjwa akipita bayingi kwenda hospitali, huyu binti humweka ndani ya kikapu cha majani, humtundika kwenye mizani, husoma kilo, hutoa uzito wa kikapu, na kuziandika kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto.

Kalamu yangu ilisimama. Kwa miaka miwili mitatu nilikuwa nikiletewa watoto wenye namba mkononi. Kumi na moja. Tisa na nusu. Nilidhani ni namba ya mkulima, watoto wamechezea kalamu ya karani. Mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nikizipangusa kwa spiriti, nikiwagombeza akina mama kwa uchafu, halafu nikianza kutafuta mizani ya watoto, ambayo siku nyingi haina betri, ili nijue kipimo cha dawa.

“Nani alikuambia ufanye hivyo?” nikamuuliza karani.

Aliinamisha kichwa. “Ni wewe.”

“Mimi?”

“Kuna siku ulipigia mama mmoja kelele. Ulisema, mtoto ako na kilo ngapi, nitampa dawa namna gani kama sijui kilo? Huyo mama alikuja hapa akilia. Nikasema, lakini sisi tuko na mizani.”

Nikaliandika na hilo bila kubisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza benchi lile kuniona hivyo, na walifurahi kupita kiasi.

Wa tatu akawa mlezi, na aliyemtaja ni dereva. Kwao Kisii, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Ni heshima, si chuki; hata kusalimiana kwao kuna mpaka. Sasa mama mkwe alikuja kutembelea binti yake, akateleza kwenye tope nyuma ya duka, nyonga ikavunjika. Mwenye gari ni mkwe. Mwenye nguvu za kubeba, kwa saa ile, ni mkwe. Wanawake waliokuwapo walikuwa wawili, mmoja mjamzito. Mlezi alisimama pale, hawezi kumwacha, hawezi kumgusa. Ndipo akaingia dukani, akafungua bawaba, akang'oa mlango wa stoo. Akaulaza chini, akageuka akatazama ukuta. Wale wanawake wakamsogeza mama juu ya mlango pole pole, wakamfunga kwa leso. Kisha yeye akainua mlango, yule asiye mjamzito akishika upande wa miguu.

“Sikumshika,” mlezi akasema kwa haraka. “Nilishika mlango.”

“Tunajua,” kila mtu akasema.

Alifika kwetu amelala sawasawa kabisa, hajapindwa, hajakunjwa, na nyonga ile ilipona. Tangu hapo mlango ule haukurudi stoo. Hutundikwa nyuma ya bayingi, na wote walioanguka kutoka kwenye miti, au kupigwa teke na ng'ombe, wameletwa juu yake. Nami nilikuwa naufahamu vizuri. Zaidi ya mara moja nimesimama kwenye korido nikafoka: huu mlango wenu ni wa nini, ondoeni huu mlango, mnatuzibia njia!

Tuliendelea hivyo mpaka wote wanane wakatajwa. Niliandika kwa Kiingereza, karani akaniangalizia kwenye simu za watu, tukathibitisha mmoja mmoja. Mwakilishi wa vijana alitaka wasifu wake useme yeye ni “mtu wa ground”, yaani wa mashinani, nikamtafutia maneno mengine. Mwakilishi wa kanisa alikuwa amekwisha kusahau neno lake la siri, lakini kwa kuwa alilitangaza, watu watano walilikumbuka.

Wakati wa kurudi nyumbani nilikuwa nafurahi na kuona aibu kwa pamoja. Nilifungua pendekezo langu, nikaitafuta ile sentensi niliyoipenda. Jamii ya hapa haina ujuzi wala vifaa. Niliifuta. Ilibidi nifute na swali lenyewe, kwa sababu sasa lilikuwa la mtu asiyeona, na nikaandika jipya: watu wa bayingi tayari wanafanya nini, kipi kati ya hivyo kinaokoa, na sisi wa hospitali tujifunze nini ili tusikiharibu? Nililiandika kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika ripoti ya zamu. Nilituma saa sita mchana, siku ya mwisho, mtandao ukiwa umetulia. Upungufu mmoja niliuona baadaye. Wasifu wa mtafiti mkuu, yaani wangu, ambao haukuwekewa idadi ya maneno, nilikuwa nimeuacha mwisho kabisa na nikaujaza kwa dakika tatu: nesi, kasualti, shahada, basi.

Wiki nyingi zikapita, kisha nikaitwa kwenye mahojiano ya video. Barua ilisema waziwazi, mtafiti mkuu peke yake. Niliwaeleza kamati. Siku yenyewe, saa nne asubuhi, nilipoingia katika ofisi ya rekodi ambako mtandao ni mzuri, nilikuta watu wanane wamevaa nguo za kanisa, na Kogo ameketi kwenye kiti changu.

“Tumekuja kusalimia,” akasema. “Hatutaongea.”

Kwenye skrini walikuwa watu watatu, wazungu wawili na mama mmoja aliyeonekana kuwa Mwafrika. Walitazama ule umati nyuma yangu. Niliomba radhi, nikajieleza. Yule mama akauliza ni nani hasa anayeongoza utafiti huu. Kogo akanigusa goti.

“Amesema nini?”

Nikamtafsiria. Akafikiri, akasogea karibu na kompyuta, akasema kwa Kiswahili, pole pole, “Kazi inaongozwa na huyu. Mimi naongoza kikao.”

Nilitafsiri. Yule mama alicheka, akaandika kitu. Baadaye wakauliza habari za mlango, na mlezi, ambaye hakutakiwa kuongea, akaongea dakika saba, na mara tatu akasisitiza kwamba hakumshika.

Barua ilikuja siku ambayo nilikuwa namshona mtu kidole. Simu ililia mfukoni, nikaiacha. Nilimaliza kushona, nikafunga bendeji, nikanawa, nikaenda nje penye jua karibu na tangi la maji, nikafungua. Tumefurahi kukujulisha. Nilisoma mstari huo mara nne. Kisha nikapiga kelele ambayo ilimtoa daktari mkuu ofisini, naye akadhani kuna ajali. Nilimkumbatia. Hajazoea, alisimama wima kama mti wa stima mpaka nikamwachia.

Chini ya furaha kulikuwa na sharti. Jopo lilisema sehemu yenye nguvu zaidi katika ombi letu ilikuwa wasifu wa watafiti wenza, na kwamba hawajawahi kusoma wasifu kama ule. Dhaifu kuliko zote ilikuwa wasifu wa mtafiti mkuu, ambaye hakusema chochote kuhusu anachokifanya. Kabla tuzo haijathibitishwa, atume wasifu mwingine, kamili, ndani ya siku tatu.

Nilikaa nao jioni, kabla jua halijatua, nikaandika mistari miwili nikafuta mitatu. Kesho yake asubuhi nilijaribu tena. Sikuweza. Kila nililoandika lilionekana la kujigamba au la uongo, na siku nyingi nilizokumbuka ni zile nilizoshindwa. Jambo zima lilikuwa sasa linaning'inia kwa maneno mia chache ya mtu kujieleza, na mtu huyo hawezi. Nikapeleka barua bayingi, nikaisoma yote, na sharti lake.

Walishangilia mpaka wakulima wengine wakaacha majani yao wakaja. Kisha Kogo akainua mkono, wakanyamaza.

“Katibu,” akasema, “fungua kitabu. Tunakutaja.”

“Kogo, hapana. Nani ataandika?”

“Katibu ni nani?”

Ikabidi niketi. Nikafungua kitabu cha kumbukumbu, nikashika kalamu.

“Andika ako na hasira,” dereva akasema, na watu wakaangua kicheko. “Hapana, andika! Andika, siku nilileta yule aliumwa na nyuki, Sista alinifokea nitoke njiani, na kwa mkono ako na sindano tayari. Sikuwa nimezima hata gari.”

Niliandika. Karani akasema niandike kwamba mwaka ule maji yalipokatika hospitali, nilibeba mitungi kutoka kwa mto kabla ya zamu na sikumwambia mtu. Mlezi akasema niandike kwamba nilimuuliza mama mkwe wake, kabla ya kumfunua, kama kuna mtu wa heshima chumbani anayepaswa kutoka. Sikuwa nakumbuka hayo. Niliandika kichwa kimeinama, maana nilikuwa nimeanza kushindwa na macho.

“Sasa mimi,” Kogo akasema. “Andika siku ya mzee wangu.”

Siku ile niliikumbuka. Mzee aliletwa juu ya mlango, mvua kubwa, na nilipofika pikapu nilijua kwa kumtazama tu kwamba alikwisha kutuacha njiani. Nimeiweka miaka yote katika siku zangu mbaya.

“Kogo, siku hiyo sikufanya kitu.”

“Wewe andika. Ulijua hapo nje. Mimi nilikuona umejua. Na hukuniambia nikiwa nimesimama kwa mvua. Ulinishika mkono ukaniingiza ndani, ukanikalisha kwa kiti. Ukapiga magoti ukanivua gumbuti, zilikuwa zimejaa maji, ukamwaga nje. Ukavua soksi zako ukanivalisha. Miguu ikaanza kupata joto. Ndiyo ukaniambia.”

Lori lilikuwa limefika, na dereva hakuliendea.

“Mimi nilipata kusikia hiyo habari nikiwa nimeketi, na nina joto,” Kogo akasema. “Hao watu wajue. Umeandika?”

“Nimeandika, Kogo.”

“Na soksi?”

Nikapangusa ukurasa kwa kiganja, nikaongeza soksi.